Kaboni ya Dhahabu na Maji ya Kisima: Maswali Yenu Kuhusu Sumu za Metali

Jamani karibuni tena. Toleo lililopita niliandika kwamba kuchemsha maji kunaua vijidudu ila hakuondoi risasi wala zebaki wala aseniki, tena maji yakipungua sufuriani sumu inabaki palepale kwenye maji machache zaidi, na nikagusia kidogo kwamba dawa yake mojawapo ni kuzinatisha hizo metali kwenye kitu kigumu ili maji yapite yenyewe. Tangu siku hiyo simu haijapumzika. Nimechukua maswali machache, mengine nimeyaunganisha sababu yanafanana.

Swali: Shikamoo mama. Mi naishi Nyarugusu huku Geita, nyumba yetu iko kama hatua mia mbili toka kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu na kisima chetu ni cha kuchimba kwa mkono. Kaka yangu anafanya kazi kwenye matenki ya sianidi, anasema ile kaboni nyeusi inayokamata dhahabu ndo hiyohiyo inayowekwa kwenye machujio ya maji, sasa ameniletea kiroba cha kaboni iliyoshatumika nijaze kwenye ndoo nichujie maji ya watoto. Inafaa?

Marahaba mwanangu. Kwanza hicho kiroba kitoe jikoni leo, usisubiri kesho, kifunge vizuri kirudi kilikotoka, na mikono uioshe kwa sabuni. Yale mengine nitakueleza taratibu.

Kaka yako hajakudanganya, ila amejua nusu. Kaboni ya dhahabu na kaboni ya machujio mazuri ya maji mara nyingi ni ya ukoo mmoja, zote zinatoka kwenye vifuu vya nazi vilivyochomwa kwa hewa kidogo halafu vikapigwa mvuke kwenye moto mkali wa nyuzi kama 800 mpaka 1000, mpaka ndani yake vinabaki vitundu vidogo sana ambavyo hata darubini ya shuleni haivioni. Gramu moja ya kaboni hiyo inaweza kuwa na kuta za ndani za mita za mraba kama 1000. Piga hesabu mwenyewe, kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7140, yaani kaboni ya gramu saba hivi, kijiko kimoja cha mezani, ukiweza kuzikunjua kuta zake zote unatandika kiwanja kizima. Dhahabu iliyoyeyushwa na sianidi ikipita kwenye kuta hizo inanata. Haizami ndani kama maji kwenye sponji, inanata juu ya ukuta, na huko kunata ndo kunaitwa adsopsheni.

Sasa tatizo liko hapa. Ukuta huo haunati dhahabu peke yake, unanata shaba, unanata fedha, unanata sianidi, na zebaki pia, na wewe unajua kama mimi ninavyojua kwamba marudio mengi, yaani ule mchanga uliobaki baada ya kuchenjua, yanayopelekwa kwenye matenki yalishapita mwaloni kwa zebaki kwanza. Halafu kitu kilichonata kinaweza kuachia. Muulize kaka yako dhahabu inatokaje kwenye kaboni, atakwambia inapelekwa elusheni, inapigwa kwa maji ya moto yenye kostiki soda mpaka iachie. Kama wanaiachisha pale, basi na kwenye ndoo yako, maji yenye tabia tofauti na yale ya tenki, vitu vinaweza kuachia kidogokidogo kwenye kikombe cha mtoto bila rangi na bila harufu. Kwa hiyo hapana, haifai hata ukiiosha mara kumi. Na tafadhali isiishie kwenye jiko la mkaa, kaboni yenye zebaki ukiichoma ile zebaki inapanda kama mvuke na nyie mnaivuta.

Kuhusu kisima chenyewe, nakuomba usianze na kutafuta chujio, anza na kujua adui ni nani. Watu wakisikia mwalo wanawaza zebaki tu, na ni kweli zebaki ni mbaya, lakini ni nzito, sehemu kubwa inazama kwenye tope na marudio, na anayeumia haraka zaidi ni yule anayechoma donge la dhahabu na zebaki karibu na watoto. Kwenye maji ya kisima cha huko mi naogopa zaidi aseniki. Miamba ya dhahabu mara nyingi ina jiwe linaitwa asenopairaiti, aseniki imo humohumo ndani ya jiwe, likiwa chini limetulia halina shida, likisagwa kwenye karasha likapata hewa na maji ndo linaanza kuachia. Haina ladha. Ikinywewa kwa miaka inaleta madoa na ugumu kwenye viganja na nyayo, na saratani.

Shirika la Afya Duniani linataka aseniki isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, risasi hivyohivyo 10, zebaki 6, kadimiamu 3. Ili uone udogo wake, mikrogramu 10 kwa lita ni sawa na gramu 10, yaani kama vijiko viwili vya chai vya sukari, kwenye matenki mia moja ya lita 10,000. Hakuna jicho wala ulimi wa kugundua hiyo. Nenda maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyopo Mwanza, au ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali hapohapo Mwanza, au anzia kwa watu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, hapo wilayani wakuelekeze. Waombe chupa yao, usipeleke ya soda, kwa sababu chupa ya kupimia metali inatiwa tone la asidi ili metali zisinate kwenye kuta za plastiki njiani, nazo chupa zinafanya adsopsheni pia na zikikuibia sampuli utaambiwa maji yako masafi kumbe sumu imebaki kwenye chupa. Waambie wazi unataka aseniki, zebaki, risasi na kadimiamu, ukisema tu "nipimieni maji" utapimiwa chumvi na vijidudu.

Mpaka majibu yatoke, watoto wanywe maji ya mvua kama bati lenu halikai kwenye moshi wa wachoma dhahabu, au maji ya bomba hata kama ni mbali. Najua ni gharama mwanangu, lakini kisima hicho kwa sasa kibaki cha kufulia.

Swali: Hapa kwetu Tarime tumepimiwa, aseniki imezidi kidogo. Makaa ya kawaida ya jikoni yakisagwa hayawezi kuitoa?

Hayawezi, na hata ile kaboni nzuri ya vifuu haiipendi sana aseniki. Hapa ndo watu wengi wanapotea, wanadhani kuna unga mmoja wa kunasa kila kitu. Kila metali ina mahali inapopenda kunata, na aseniki inapenda kutu. Kweli, kutu ile ya msumari.

Waliotufundisha hili ni Wabangladeshi, kwa uchungu mkubwa. Kuanzia miaka ya 1970 walichimbiwa visima vya pampu kwa mamilioni ili waache kunywa maji ya madimbwi, kipindupindu na kuhara vikapungua, baadaye ikaonekana maji mengi ya visima hivyo yana aseniki ya asili kutoka ardhini. Mkemia mmoja mzaliwa wa huko, Abul Hussam, akatengeneza chujio la ndoo mbili, ndani kuna mchanga, vipande vya chuma, makaa na kokoto za matofali, maji yanashuka polepole, chuma kinashika kutu na ile kutu inaikamata aseniki kwa nguvu. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Grainger ya dola milioni moja kwa kazi hiyo. Nepal nao wana chujio la mchanga lenye misumari juu yake.

Mi nalipenda wazo hili kwa sababu vitu vyake vipo kila sehemu, ila sitakwambia chukua misumari ya fundi ujaze kwenye ndoo ukanywe. Kama maji yenu yana fosfeti nyingi, ile ya kwenye mbolea, fosfeti inagombania nafasi zilezile na aseniki inapita. Kama yanashuka kwa kasi, hayapati muda wa kunata. Jengeni moja la kijiji kwa msaada wa mhandisi wa maji, mpime yanayoingia na yanayotoka, mpime tena baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu. Kama hamna pesa ya kupima tena basi bora kutafuta chanzo kingine, chujio lisilopimwa linawapa imani ya bure.

Swali: Hujambo dada, nakuandikia toka Mombasa. Mtaa wetu palikuwa na watu wanayeyusha betri kuukuu za magari, wameshaondoka lakini tunaogopa risasi. Mume wangu amenunua jagi lenye chujio la kaboni, boksi limeandikwa linachuja lita 150. Sisi ni watu watano. Litatufaa?

Sijambo dada yangu, poleni. Mombasa mnalijua jambo hili kuliko wengi wetu, ya Owino Uhuru, mtaa uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, yalisikika dunia nzima na Phyllis Omido akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kupigania watoto wa pale.

Jagi lako tulitazame. Geuza boksi utafute namba. Machujio mengi yanapimwa kwa viwango vya Kimarekani vya NSF/ANSI, namba 42 maana yake limepimwa kwa ladha na harufu ya klorini tu, namba 53 ndo ya mambo ya afya, na hata kwenye 53 lazima risasi iwe imetajwa kwa jina. Kama ni 42 peke yake, maji yatakuwa matamu na risasi mtaendelea kuinywa kama ipo.

Lita 150 sasa. Watu watano, kunywa na kupikia weka lita 20 kwa siku, siku ya saba hiyo umeshafika 140. Yaani kichujio cha ndani mtabadilisha kila wiki, sio kila ukikumbuka. Niseme kwa nini nasisitiza: kile kitu cha kunatia ni kama matatu, ina viti vyake, abiria wakishakaa wote wanaofuata wanapita. Na haikwambii imejaa! Chujio la tope likiziba maji yanagoma kushuka, unajua. La kunatisha metali likijaa maji yanashuka vizuri tu, meupe, matamu, yana risasi. Kwa hiyo chukua daftari lining'inize hapo kwenye jagi, kila ukijaza weka alama.

Na dada, maji yenyewe yapimwe, ofisi ya Mkemia wa Serikali ipo hapo Mombasa. Manake mahali palipoyeyushwa betri, risasi nyingi inakaa kwenye udongo na vumbi, mtoto anaipata kwa kunyonya vidole. Deki kwa kitambaa kibichi, usifagie vumbi likaruka, viatu viachwe mlangoni, watoto wanawe kabla ya kula, na wapelekwe wakapimwe damu. Nisingependa mtumie pesa yote kwenye jagi halafu sumu iko kwenye zulia.

Swali: Shikamoo mwalimu. Ni mwanafunzi wa chuo Arusha, projekti yangu ni kutoa shaba kwenye maji kwa maganda ya ndizi. Nimeweka unga wa maganda kwenye maji ya mrututu, maji yamekuwa ya kahawia na sioni kama shaba imetoka. Nimekosea wapi?

Marahaba, na hongera, umechagua kitu kizuri. Kosa lako la kwanza nalijua kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe mwaka wangu wa tatu na maganda ya muhogo. Unga haukuoshwa. Ganda bichi lina rangi na sukari na vitu vingi vinavyoyeyuka, vyote vimetoka vikafunika ile bluu ya mrututu. Osha unga kwa maji ya moto, mwaga, rudia mpaka maji ya kuoshea yatoke meupe, kausha, chekecha ili punje zilingane. Ndo upime.

La pili, umeweka mrututu kiasi gani? Robo ya uzito wa mrututu ndo shaba, kwa hiyo gramu moja kwenye lita ni shaba miligramu 250 hivi. Gramu moja ya unga wako itabeba makumi machache tu ya miligramu, sasa ukitia kijiko kwenye ndoo ya bluu lazima usione kitu. Anza na mililita 100 za maji hayo, tia gramu mbili, tikisa saa moja hadi mbili. Kama chuo chenu hakina mashine ya kusoma metali, chuja halafu dondoshea amonia kidogo kwenye maji ya kabla na ya baada, shaba ikiwepo inageuka bluu nzito ya kupendeza kabisa, weka chupa mbili pamoja juu ya karatasi nyeupe dirishani utaona tofauti kwa macho yako. Mi siku niliyoona chupa ya pili imepauka nilikaa nayo pale dirishani mpaka mlinzi akaja kufunga.

La tatu ni uchachu wa maji. Maji yakiwa na asidi nyingi, haidrojeni zimejaa na ndo zinazowahi nafasi kwenye ganda, shaba inabaki nje. Ukipandisha sana pH, kile kipimo cha uchachu ambacho namba hupanda uchachu ukipungua, kupita 6 hivi, shaba inaanza kuganda yenyewe kama tope, utashangilia ganda kumbe ni pH imefanya kazi. Jaribu 3, 4, 5, na kila mara weka chupa moja isiyo na unga kabisa. Bila chupa hiyo mwalimu wako atakuuliza swali moja tu na utakaa chini. Matokeo yako utayachora kwa mlinganyo wa Langmuir, Mmarekani aliyeeleza mwaka 1918 kwamba vitu vinajipanga ukutani safu moja mpaka nafasi ziishe, na 1932 akapata Nobeli ya kemia.

Ila usimwambie mtu akachujie maji ya kunywa kwa maganda. Yanaoza, yanaleta bakteria. Yanafaa zaidi kwa maji machafu ya karakana na viwanda vya ngozi kabla hayajamwagwa mtoni. Na ukiwa hapo Arusha nenda Taasisi ya Nelson Mandela kaulize, Askwar Hilonga wa pale ndo alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya uhandisi ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015 kwa chujio lake la mchanga na vifaa vya nano, yaani chembe ndogo mno, linalorekebishwa kulingana na maji ya mahali husika. Hilo la kulingana na mahali ndo la kuiga.

Swali: Sisi tuko Maji ya Chai, meno ya watoto yana kahawia. Mkaa wa mifupa bado unatumika au ni mambo ya zamani?

Unatumika, na unafaa. Hiyo kahawia ya meno inaletwa na floraidi iliyozidi kwenye maji, nayo sio metali lakini inanaswa kwa njia hii hii. Kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi hapo jirani yenu wameufanyia kazi miaka mingi, wenzetu wa Nakuru pia. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa nyuzi 400 hadi 500 hivi kwa hewa kidogo, na rangi ndo inakwambia: ukitoka mweusi tii bado una mafuta na maji yatanuka, ukitoka mweupe umeungua kupita kiasi na nguvu imepungua, unatakiwa wa kijivu. Uliza ni mifupa ya mnyama gani, kuna familia kwa dini yao hawatakunywa na wana haki ya kujua. Lengo ni floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya upande wenu wa Meru mengi yanapita hapo mbali. Meno yaliyoshabadilika hayarudi, ila wadogo zao wanaokua sasa mtawaokoa na mifupa yao pia. Mkaa huohuo unakamata risasi vizuri, nimesema hivyo kwa ajili ya dada wa Mombasa.

Swali: Mlonge je? Bibi yangu anasafishia maji kwa mbegu zake.

Bibi yuko sawa kwa tope. Mbegu ya mlonge iliyosagwa inakusanya tope linazama, na metali kidogo zinaenda na tope hilo. Kwa kisima chenye aseniki au risasi iliyoyeyuka usiutegemee peke yake.

Swali: Ukimaliza kutumia hivi vitu vya kunatia, unavitupa wapi?

Swali hili limeletwa na mtu mmoja tu kati ya wote, nami nilitamani liulizwe na kila mtu, kwa sababu metali haifi. Haiozi, haiungui, tumeihamisha tu toka kwenye maji kwenda kwenye unga. Kile kichujio cha jagi kimoja kimoja kifunge kwenye mfuko kikiwa kikavu, weka mbali na watoto na usikimwage bustanini wala chooni. Kama ni chujio la kijiji lenye mapipa ya unga uliojaa aseniki, ongeeni na maafisa wa mazingira wa wilaya kabla hata hamjalijenga, sio siku limejaa. Kuna sehemu wanachanganya unga huo na saruji ili sumu ifungwe ndani isivuje tena, lakini kazi hiyo ifanywe na wanaojua vipimo, na matofali yake yasijengewe birika la maji wala jiko.

Yule mwanangu wa Nyarugusu, ukishapata karatasi ya maabara ipige picha unitumie, hata kama namba huzielewi.